Mama Yai Aivua Glavu

Baada ya miaka kumi na tisa ya utumishi, Mama Yai anastaafu tarehe 30 Juni, miaka mitatu kabla ya wakati wake. Msomaji asidhani amechoka na kazi. Kazi ndiyo iliyomponyoka, tena vidoleni.

Alikuja kwetu akiwa fundi wa cherehani. Sisi hutengeneza glavu zinazovaliwa pamoja na miwani ya uhalisia pepe: mwanafunzi wa uuguzi anashika kitu ambacho hakipo, na mota ndogo za glavu zinausukuma mkono wake, ajue jiwe ni jiwe na mshipa ni mshipa. Wahandisi walikuwa na vipimo vya kila aina. Yeye alikuja na yai.

Mkono wa kushoto ulishika yai la kweli; wa kulia, ndani ya glavu, ulishika yai la kwenye miwani. Alifumba macho, akayabinya yote mawili polepole. Akishindwa kutambua lipi ni lipi, glavu imefaulu. Saa kumi yai lilichemshwa kwenye birika la ofisi na kuliwa, maana hakuwahi kulivunja. Tulimtania kwamba hiyo ndiyo siri ya utafiti wote.

Mwaka jana wanafunzi wakaanza kulalamika kwamba mishipa ya kwenye miwani ni migumu kama waya. Nani angethubutu kumshuku Mama Yai? Asubuhi moja mwaka huu nikaona ute wa yai ukimchuruzika hadi kwenye kiwiko, naye amefumba macho, bado anabinya. Hakuwa na habari. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umekula hisia za vidole vyake, na bila kujua alikuwa akiziongezea glavu nguvu ili azisikie.

Nilimfuta mkono, nikamwambia yai lilikuwa na ufa. Nilimdanganya mtu aliyenifundisha kazi, na ninaungama hapa mbele ya wenzangu. Yeye hakukubali kufunikwa. Alikwenda mwenyewe kwa mkurugenzi, akasema mficha maradhi kifo humuumbua, akaomba glavu arobaini na moja alizopitisha tangu mwaka jana zirudishwe zote. Kisha akakaa miezi miwili akitufundisha sisi kufumba macho.

Kwenye chai ya kumuaga alimpa kila mmoja mkono, akimwuliza kama anambana. Wote walijibu hapana, huku wamekunja nyuso. Zamu yangu ilipofika nilisema ndiyo, Mama, unaniumiza. Akalegeza, akauliza tena. Nikamwambia bado kidogo. Tukaendelea hivyo, yeye akiuliza na mimi nikijibu, mpaka mkono wake ukatulia vizuri ndani ya wangu. Nililia bila haya.

Asante, Mama Yai, kwa kila ulichotufundisha. Tunakuombea afya na siku nyingi za raha, na kila utakayempa mkono akwambie ukweli.