Rada Iliyozimwa

Ndani ya basi, mshonaji mmoja alijifanya amesinzia, lakini masikio yake yalikuwa kiti cha mbele, walipokaa mama mmoja na fundi mstaafu wa ndege za kivita.

"Ndege ikishajificha rada za adui zisiione, yenyewe inaonaje, mzee wangu?" mama aliuliza.

"Kwa rada iliyo puani mwake, mama. Antena ikiwa kubwa, umeme ukitosha na joto likidhibitiwa, inaona mbali. Ila ukiwasha tochi gizani, nawe unaonekana. Rubani mwenye akili huizima, akategemea macho ya wenzake."

"Rubani mwenyewe ni mwanangu. Hata simu yake haipatikani. Sasa mimi nitegemee macho ya nani?"

Fundi, aliyekuwa na jibu la kila kitu tangu wapande, akageukia dirishani. Basi likasimama, na mshonaji akasahau kujifanya amelala.