Joto la Fundi Viatu

— Sindano hiyo ya tatu usiende kabisa! alifoka Kinyozi.

— Aende! Wewe umesomea wembe, udaktari umeupata wapi? alijibu Dereva Mstaafu.

Walikuwa kwenye benchi nje ya duka la Kinyozi, vikombe vya kahawa mkononi, wakigombania mwili wa mtu aliyekaa katikati yao. Mwenye mwili ni Fundi Viatu, anayedungwa sindano kila miezi mitatu kwa ajili ya saratani ya tezi dume. Tangu aanze, joto humpanda ghafla kutoka kifuani hadi utosini, shati likalowa chapachapa. Leo ilikuwa zamu ya sindano, na moyoni alishaamua haendi. Aliamini joto hilo ni dalili kwamba ugonjwa umesambaa, basi ya nini kujisumbua?

— Dawa inapigana na ugonjwa humo ndani, alisema Kinyozi. Hilo ni joto la vita.

— Vita gani? Injini imekosa maji. Anywe ndoo nzima, alale chali.

— Basi mimi nasema wamemchoma sindano ya ng'ombe, alidakia Kinyozi. Siku moja ataamka analia moo!

Wakacheka. Fundi naye akacheka, huku akijipepea kwa soli ya kiatu.

Mama mmoja aliyeleta kiatu kilichong'oka kisigino akauliza:

— Samahani kaka zangu, muuguzi mwenyewe alisemaje mlipomuuliza?

Miezi sita, na hakuna aliyeuliza.

Fundi akavua aproni, akaenda hospitali.

— Baba, alisema muuguzi akifungua faili, saratani hiyo chakula chake ni homoni ya kiume. Sindano inaizima homoni, ugonjwa unashinda njaa. Homoni ikishuka, joto hupanda, kama kwa mama aliyekoma hedhi. Na kipimo chako cha damu kinachoonyesha saratani kimeshuka vizuri sana. Joto likikuzidi, useme, tunaweza kulipunguza.

Fundi akadungwa, akatoka akipiga mluzi. Njiani ndipo alipokumbuka mwaka ule mkewe alipokoma hedhi, alivyokuwa akifungua dirisha kila mara, naye akilifunga kwa kishindo na kumwambia anadeka.

Alifika kwake jasho linamchuruzika, akasimulia yote akiwa bado nje, macho chini.

— Nisamehe, mke wangu.

Mkewe akasogea kumpisha mlangoni.

— Pita, mdekaji. Dirisha nimeshakufungulia.