Mama, Lita Sifuri

Bwana asifiwe, watu wa Mungu! Kaeni tu, mimi si mtu wa maneno mengi. Naitwa Chebet, nasomea kompyuta hapa Nakuru mjini, na Mungu amenitoa pabaya.

Ndugu zangu, tulipewa kazi ya kuandika programu kwa lugha inayoitwa C. Isipofanya kazi kufikia Ijumaa, mwenyewe arudie mwaka. Yangu ilikuwa ya kuandikisha akina mama wanaoleta maziwa kwetu Keringet: jina, kisha lita. Na kwetu mama haitwi jina lake, ni Mama Kiprono, Mama Chela. Nikaandika Mama Kiprono. Mashine ikachukua “Mama”, ikaona nafasi, ikakoma hapo. Kiprono akaangukia mahali pa lita! Ikasoma: Mama, lita sifuri.

Nikaambiwa nitumie fgets, amri inayosoma mstari mzima, kwa jina na kwa lita pia. Nikabadilisha, nikaendesha. Mama, lita sifuri. Nikajua huyu ni adui. Nikafunga kula, nikakemea, nikapaka laptopu mafuta ya upako hadi vibonyezo vikaanza kunata. Mama, lita sifuri.

Alhamisi, baada ya maombi, dada Moraa ninayesoma naye aliketi kando yangu. Nikaendesha programu tena, kidirisha kikatokea kwenye skrini, nikakibonyeza haraka. Akanishika mkono.

“Chebet, hapo umekubali nini?”

“Sijui. Hiyo inakujanga tu, mimi nabonyezanga yes.”

“Ebu isome kwanza.”

Tukasoma. Ilisema programu mpya ina makosa, imeshindwa kujengwa. Je, iendeshwe ile ya zamani? Ndugu zangu, wiki nzima nilikuwa nakemea programu ya zamani! Ile mpya haikuwa hata imezaliwa. Moraa akanionyesha kosa la kwanza: nukta-mkato imekosekana mwisho wa mstari. Nikaiweka, na makosa mengine yote yakatoweka.

Ijumaa mwalimu aliketi mwenyewe, akaandika jina la mamake: Mama Nekesa, lita sita. Nikashika kiti. Mashine ikajibu: Mama Nekesa, lita sita. Akasema nimepita. Nililia, mimi ambaye huwa silii.

Namshukuru Mungu, na Moraa pia. Wewe uliyekemea jambo mpaka sauti ikakauka, mtumaini Bwana, anasikia. Kisha umwombe utulivu wa kusoma kile ambacho amekuwa akikuwekea mbele ya macho. Amina!