Mapacha Watatu na Ratiba ya Baba Yao

Benchi lenyewe ni ubao mmoja uliolazwa juu ya ndoo mbili za rangi zilizojazwa zege, chini ya dirisha la chumba cha Zamu. Anayekaa kushoto hushika kikombe chake kwa mikono miwili, maana fundi Spana akicheka upande wa kulia ubao wote huruka. Wenyewe hujiita Baraza la Mawaziri Wasio na Wizara, na siku hiyo, saa saba na nusu mchana, walikuwa wamejipa wizara ya elimu. Zamu alikaa katikati, daftari la mahudhurio mapajani, uso wa mtu anayesubiri kung'olewa jino. Jina hilo alilipata kwa kusimamia zamu za kiwanda cha sabuni miaka kumi na sita, hadi kiwanda kilipofungwa. Nyuma ya dirisha walilala binti zake watatu, mapacha wa miezi kumi na minane, wanaofanana kama vipande vya mche mmoja wa sabuni. Saa nane kamili mama mkwe wake angefika kumchukua mmoja.

Birika, muuza kahawa, alikuwa anamimina bila kuangalia kikombe.

Birika: Mmoja yupi?

Zamu: Mwisho.

Watoto walikuwa na majina yao mazuri kwenye vyeti, lakini nyumbani waliitwa kwa jinsi walivyofuatana kuzaliwa: Kwanza, Kati na Mwisho.

Birika: Amekosa nini mtoto wa watu?

Zamu: Hasemi. Mwezi uliopita kliniki muuguzi aliwaonyesha kitabu cha picha. Kwanza akataja kila kitu. Paka, kofia, maji, mpaka miwani ya muuguzi, na haimo hata kitabuni. Kati akataja nusu. Mwisho akamwangalia muuguzi kama askari wa getini anavyomwangalia mgeni asiye na kitambulisho. Muuguzi akasema asemeshwe zaidi nyumbani. Mama mkwe kusikia hivyo, basi. Watatu ni wengi kwa mwanamume mmoja, anasema. Atakaa na huyo peke yake mpaka mdomo ufunguke.

Birika: Na mkeo?

Zamu alifungua daftari, akalifunga. Mkewe ni karani wa ghala, na tangu kiwanda kife yeye ndiye anayetoka asubuhi. Leo kabla ya kutoka alizikunja nguo za Mwisho, akazikunjua, akazikunja tena, kisha akaenda kazini bila kugusa chai.

Zamu: Amesema mimi ndiye ninayeshinda nao. Niamue mimi.

Birika: Walibanana tumbo moja miezi yote ile, leo watenganishwe kwa sababu ya kofia!

Hapo Hotuba alikohoa, na kikohozi cha Hotuba ni sawa na kengele ya bunge. Ana duka la fotokopi mkabala na benchi. Amesoma ukurasa wa kwanza wa kila karatasi iliyowahi kupita mjini, na hajawahi kusoma ukurasa wa pili wa chochote.

Hotuba: Tatizo ni lugha. Mtoto mnamwambia "simama dede". Dede ni nini? Mwambie: simama wima, zingatia usalama wako. Mtoto akisikia lugha ya kitoto anajua anaongea na mtoto mwenzake, anadharau. Mimi wa kwangu nilimsomea gazeti tangu ana siku arobaini. Tahariri, matangazo ya vifo, msimamo wa ligi.

Spana: Akaanza kusema lini?

Hotuba: Hilo si la msingi.

Spana: Lini, bwana?

Hotuba: Miaka mitatu na miezi kidogo.

Spana: Na neno la kwanza?

Hotuba alipuliza kahawa iliyokwisha kupoa zamani.

Hotuba: "Nyamaza."

Ubao uliruka. Zamu naye alicheka kidogo. Alichungulia dirishani. Bado wamelala, miguu sita imechanganyika kama mabua.

Zamu: Msinione kama sijafanya kazi. Nina ratiba, iko ukutani. Saa tatu, zamu ya Kwanza. Saa tano, zamu ya Kati. Saa tisa, zamu ya Mwisho. Nusu saa kila mmoja, napuliza filimbi kuanza, napuliza kumaliza.

Birika: Filimbi umeitoa wapi?

Zamu: Kiwanda kilipofungwa kila mtu aliondoka na kumbukumbu. Halafu kuna sheria: asiye na zamu hasemeshwi. Yuko mapumziko. Ukimsemesha mtu aliye mapumziko unamchosha, kesho haji kazini.

Spana: Wana miezi kumi na minane. Wasipokuja kazini watakwenda wapi?

Zamu: Nidhamu, Spana. Nidhamu.

Hotuba: Na huyo Mwisho, kwenye zamu yake, inakuwaje?

Zamu: Hapo ndipo kichwa kinataka kunipasuka. Anasema! Paka, kofia, maji, vyote. Ona daftari: Mwisho, tiki, tiki, nyota. Nyota, jamani! Kisha akifika mbele ya muuguzi, mdomo unafungwa. Mama yake akimwita jioni, kimya. Bibi yake akija Jumapili, kimya. Mwanangu wa kumzaa ananifanya mwongo mchana kweupe!

Sasa baraza lilikuwa limepata kitu cha kutafuna. Spana, fundi baiskeli ambaye hata kwenye picha zake za harusi kidole cha pete kina grisi, alivuta ndala zake karibu, ishara kwamba anakwenda mbali.

Spana: Sikiliza. Akili ya mapacha ni bomba moja lenye koki tatu. Saa tisa wenzake wamechoka, koki mbili zimejifunga, kwake presha inajaa. Kliniki wako macho wote, yeye aliye mwisho wa bomba anapata hewa tupu. Dawa ni moja. Kwanza na Kati wazibwe midomo wiki mbili.

Birika: Kwa nini?

Spana: Kwa biskuti. Kila wakitaka kusema, biskuti.

Hotuba: Upuuzi. Huo ni mgomo baridi. Mtoto anafanya kazi mbele yako kwa sababu una filimbi. Mbele ya wageni anakuonyesha nani mwenye kiwanda. Mpandishe cheo! Mfanye msimamizi wa dada zake, mvishe hiyo filimbi shingoni, wiki haiishi utamwomba apunguze.

Zamu: Bado anajisaidia kwenye nguo, Hotuba.

Hotuba: Nimewatolea fotokopi mameneja wa namna hiyo.

Birika: Mnazunguka. Mlete hapa benchini akae siku tatu anasikiliza. Maneno yatamwingia yenyewe.

Spana: Maneno ya hapa? Akamwambie muuguzi uliyoyasema juzi kuhusu mwenye nyumba wako? Tutakwenda ndani sote.

Hotuba: Basi apewe mtihani wa maandishi.

Zamu: Hajui kushika kalamu!

Hotuba: Ndiyo maana mpaka leo hajafeli.

Zamu hakucheka tena. Saa ya ukutani kwenye duka la fotokopi ilionyesha nane kasoro dakika kumi na mbili. Aliwaza kile kitanda kikiwa na miguu minne tu, akaona bora awaze biskuti.

Dada mmoja aliyevaa koti la buluu, penseli imechomekwa kwenye nywele, alisimama mbele yao na kitabu kirefu.

Dada: Habari za hapa? Nasoma mita za maji. Yenu iko chini ya hili benchi.

Baraza lote lilinyanyuka na vikombe vyake. Dada alichuchumaa, akafuta kioo cha mita kwa kidole gumba, akaandika.

Spana: Dada, wewe mtu wa mabomba, tuamulie. Bomba moja, koki tatu...

Dada: Nimesikia tangu kona ya pale. Mtaa mzima umesikia. Bomba halina kosa lolote.

Akageuka kwa Zamu, bado amechuchumaa.

Dada: Samahani, kaka. Huyo anayekuja saa tisa, umejuaje kwamba ni Mwisho?

Zamu: Namwita. Nasema "Mwisho!", anakuja mbio.

Dada: Nani anakuja?

Zamu: Mwisho.

Dada: Umemjuaje?

Zamu: Si ndiye niliyemwita?

Hotuba alifungua mdomo kusaidia, akaufunga. Jambo hili lilikuwa ukurasa wa pili.

Zamu: Mama yao huwavalisha rangi. Nyekundu Kwanza, kijani Kati, njano Mwisho. Yeye anawajua hata gizani, Mwisho ana kidoa nyuma ya sikio. Mimi nafuata rangi.

Dada: Na rangi hizo zinadumu mpaka saa ngapi?

Zamu alitazama kamba ya kuanikia ng'ambo ya kibaraza. Nyekundu, kijani na njano zilikuwa zinaning'inia, zinadondosha maji.

Zamu: Saa nne. Hivi. Wanajilowesha. Halafu... halafu navalisha chochote kilichokauka.

Spana: Subiri kidogo. Kwa hiyo saa tano ukiita Kati...

Birika: ...anakuja anayependa kuitwa.

Spana: Na saa tisa ukiita Mwisho...

Birika: Anakuja yuleyule. Kashazoea.

Zamu alianza kupekua daftari. Tiki, tiki, nyota. Miezi mitatu. Akilini alimwona Kwanza akija mbio, mikono mbele, kila anapopuliza filimbi. Siku mojamoja Kati humtangulia mlangoni. Kisha akajaribu kumwona yule mwingine, anakuwa wapi wakati huo. Pale pembeni, karibu na ndoo, anapanga vifuniko vya chupa. Yuko mapumziko.

Zamu: Mtoto wa watu amefanya zamu tatu kwa siku, miezi mitatu. Hata kiwandani tulikataza.

Dada alisimama, akachomeka penseli yake kwenye nywele.

Dada: Na mwenzake, huyo aliyenyamaza. Mara ya mwisho baba yake kumsemesha ilikuwa lini?

Hakusema kwa ubaya. Aliuliza kama anavyouliza namba ya nyumba. Spana alichunguza grisi ya kidole chake. Hotuba aligundua kwamba dukani kwake kuna mteja, na dukani kwake hakukuwa na mteja. Zamu alitazama daftari lenye kila kitu, na hicho hakikuwemo.

Dada aliaga, akaenda nyumba ya pili.

Ndani, mmoja aliamka, na mmoja akiamka huwa wameamka wote. Zamu aliliacha daftari benchini, akaingia. Walikuwa na fulana nyeupe tupu, watatu, sawa kabisa. Mmoja alishuka kitandani kinyumenyume, akamkimbilia.

"Kofia! Paka! Maji!"

"Najua, mama, najua. Wewe umefanya kazi ya kutosha, pumzika," alimwambia, akamkalisha kando. Wa pili, Zamu alimkunja sikio, akakuta ngozi tupu, na mwenye sikio akampiga kofi. Wa tatu alikuwa amekaa palepale alipoamkia, anamtazama. Zamu alimkunja sikio. Kidoa kilikuwepo, kidogo kama mbegu ya nyanya.

Alimbeba mpaka dirishani. Hapo akagundua kwamba hajui aseme nini. Filimbi ilikuwa shingoni. Aliivua, akaitupia uvunguni.

"Habari za..." alianza, akaona hiyo ni salamu ya ofisini. "Mimi ni baba."

Benchini wenzake waligeukia dirisha.

"Hili ni dirisha. Huyu mwenye tumbo ni Spana. Huyu anayetaka kusema kitu ni Hotuba, usimjali. Yule kule..."

Aliyekuwa anakuja kule alikuwa mama mkwe, na begi jekundu, na hatua za mtu aliyekwisha kuamua tangu jana. Alifika mpaka chini ya dirisha, akasimama.

"Yule ni bibi," Zamu aliendelea. "Amekuja kukuchukua, kwa sababu baba alikuwa hakujui. Ni kosa la baba, si lako. Lile ni begi. Jekundu. Ile ni saa, imefika nane. Ile ni nguo yako, njano, bado mbichi."

Mwisho hakusema neno. Aliinua kidole, akamwekea baba yake mdomoni, kati ya meno, anapapasa kule ndani sauti inakotokea. Zamu aliendelea kuongea hivyohivyo, maneno yakitoka yamepinda, na mtoto akaongeza kidole cha pili.

Mama mkwe: Umemaliza?

Zamu: Hapana, mama. Naanza.

Mama mkwe alimtazama mtoto. Akamtazama mkwewe na vidole viwili mdomoni. Kisha akalishusha begi chini, na Hotuba akaruka kumpisha nafasi.

Mama mkwe: Endelea. Na wewe wa kahawa, nimiminie kikombe.

Birika aliinamisha birika lote. Kilitoka kitone kimoja na mashapo.

Birika: Imekwisha, mama.

Mama mkwe: Basi kabandike nyingine, mwanangu. Sina haraka.