Sarafu ya Posa ya Pu Suzhen

Marehemu Pu Suzhen alizaliwa tarehe 9 Machi 1931, Langzhong, mkoani Sichuan, binti wa mtengeneza siki.

Alisoma hadi darasa la tatu. Baba yake alipofariki aliingia kiwandani kufumua nyuzi za hariri kutoka vifukofuko vilivyochemshwa. Vidole vyake viliishi kwenye maji ya moto mpaka alipostaafu mwaka 1981.

Tulioana tarehe 12 Oktoba 1952. Siku ya posa mama yangu alimpa sarafu ya fedha ya Sichuan, yenye joka, ya enzi za wafalme. Suzhen akaiweka kwenye ncha ya kidole, akaigonga kwa sarafu nyingine, akasikiliza kama ina mlio mrefu wa fedha halisi.

“Mwanangu, unatupima?” mama akamwuliza.

“Naipima sarafu, mama. Ninyi bado.”

Hapo ndipo alipoanza kukusanya. Sarafu za Hubei, Anhui, Jilin, kila mkoa na joka lake. Wauzaji hakuwaamini. “Joka hili lina macho ya kambare,” alimwambia mmoja sokoni. “Lirudishe mtoni.” Vijana wa mapinduzi walipopekua nyumba mwaka 1966, sarafu zake zilichukuliwa zote, ila ile ya posa. Aliificha kwenye mtungi wa achari. Ikatoka nyeusi, na hakuisugua kamwe. Baadaye akaanza kukusanya upya.

Aliugua mapafu tangu Februari 1997. Aliomba sarafu ya posa ndiyo iwekwe mdomoni mwake akifa.

Nikamwuliza, “Na mimi, umeshanipima?”

“Bado,” akasema. Akacheka, akakohoa.

Alifariki nyumbani tarehe 3 Novemba, asubuhi.

Jana, wakati wa kumvika, sarafu ilipita mikononi mwa familia. Iliponifikia ilikuwa inang'aa. Nikaigonga. Ikatoa mlio wa kifuniko cha sufuria.

“Hii si yake,” nikasema.

“Baba, hayo ni majonzi,” akasema mkwe wangu.

“Majonzi hayang'arishi fedha.”

Ameacha mume, Ke Tingfang. Binti, Ke Xiuzhi, na mumewe, Deng Shaoqing. Na mtoto wa kaka yake, Pu Yongkui. Mmoja wetu anayo ile ya posa. Hata mimi nishukuni.

Jeneza likifungwa, desturi yetu ni wote kugeuka nyuma. Leo tutageuka mapema, na fundi wa misumari nitachelewa kumwita. Sarafu yake ya Hubei nimeiacha ukingoni mwa jeneza. Aliye nayo aigonge kwa hiyo, kisha amwekee mdomoni. Sitageuka kumtazama. Sitauliza.

Pumzika kwa amani, mke wangu. Nasikiliza.