Mshale wa Nne wa Rubani

Apa kwanza. Sema, "Haki ya nani, hili halitoki kinywani mwangu." Nami niliapa vivyo hivyo, mkono kifuani, na mwenye siri akaniamini, maskini wa watu. Umeapa? Haya, sogea. Aliyekuwa akiuchezea mshale wa saa ya Rubani, mpaka watu wazima wakakosana juu ya dunia na mwendo wake, ni mkewe. Ndiyo, huyo huyo Mama Kahawa, anayewamiminia watu kahawa kijiweni huku uso umemtulia kama maji ya mtungini. Sasa maadamu imeshanitoka, acha niitembeze vizuri.

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu lililoegemea ukuta wa kinyozi, mguu wake mmoja ni tofali. Kinyozi, Redio wanamwita, maana hazimiki, hukaa upande wa mlango. Katikati hukaa Hakimu, mshona viatu, daima ana kiatu cha mtu magotini na methali mdomoni, na vyote viwili huvishona mahali pasipo pake. Ncha ya mwisho ni ya Rubani. Rubani hajawahi kurusha hata tiara. Miaka thelathini na moja alipakia mizigo uwanja wa ndege, akitazama mikono ya marubani ikimpita na saa zao za majira mawili: mishale mitatu ya hapa ulipo, na wa nne, mwembamba, unaozunguka mara moja tu kwa siku nzima, kukuonyesha saa ya kule uliko moyo wako. Alipostaafu akaanza kuzitafuta za zamani, kwenye minada, kwa wauza vyuma chakavu, kwa wajane wasiojua wamebaki na nini. Akapata saba. Moja, yenye majira ya kule aliko binti yao, huivaa mkononi; sita zinalala kwenye kopo la biskuti lililotandikwa kipande cha sketi ya shule ya binti huyo, na kila asubuhi huzitia ufunguo moja moja, akiziuliza zimeamkaje.

Binti ni muuguzi nchi ya mbali, zamu ya usiku. Hapa ikiwa saa kumi na nusu jioni, kule ni saa moja na nusu asubuhi: ndiyo kwanza amefika nyumbani, na ana nusu saa kabla usingizi haujambwaga. Mshale wa nne ukifika hapo, Rubani hupiga simu, haangalii ya hapa ni saa ngapi. Basi huongea huyo! Saa aliyoiona mnadani, kioo kilichopasuka, goti, jirani, mbuzi wa jirani. Simu ikimfikia mama, mtoto anasema, "Mama, nasinzia. Tutaongea kesho." Kesho hiyo ilimaliza miaka miwili.

Asubuhi moja, mume yuko bafuni, mama alikivuta kifundo cha kutilia majira ubavuni mwa saa anayoivaa mzee, akaurudisha mshale nyuma saa mbili. Toka siku hiyo Rubani huambiwa na saa yake kwamba mtoto bado yuko kazini. Hungoja. Akija kupiga, mtoto kalala, simu kaizima. Mama huku ameshateta naye nusu saa nzima nyuma ya ukuta wa kinyozi. "Baba yuko wapi?" "Baba yako na saa zake, si unamjua." Uongo mdogo, kama chumvi ya kuonjea. Lakini chumvi huzidi. Wiki ya tatu Rubani alikuja kijiweni na kopo kwapani, saa kumi kamili, hata hakusalimu.

— Leo nauza, akasema. Zote saba. Mnunuzi anakuja saa kumi na nusu.

Redio alitoka na wembe mkononi, mteja kamwacha kichwa nusu.

— Unauza nini, mzee? Wewe uuze saa? Si heri umuuze Hakimu?

— Zimekufa. Au mtoto amenichoka. Ni moja kati ya hayo mawili, na mimi nimeamua ziwe zimekufa.

Mama Kahawa akainamia jiko, akapuliza moto uliokuwa unawaka vizuri tu.

— Fundi wa saa kasemaje? akauliza Hakimu.

— Kaifungua mara mbili. Anasema mapigo yake kama ya kijana. Sasa kama saa ni nzima, mbona mshale ukiniambia katoka kazini nikipiga simu imezimwa? Siku ishirini na moja, Hakimu! Hata mtu unayemdai hakukimbii hivyo.

— Hebu lete tuone, akasema Hakimu. Mshale uko wapi? Uko kwenye tano.

— Tano ya saa ni kumi na moja ya mdomo. Kumi na moja alfajiri. Bado yuko wodini.

— Ndiyo maana mimi sivai saa, akasema Redio. Sisi kila mtu kazaliwa na majira mawili, ya mkononi na ya mdomoni. Wewe ukajiongezea ya tatu. Kichwa chenyewe kimoja!

— Si uhesabu kwa vidole tu, akasema Hakimu. Toa masaa, pata jibu.

— Nitoe mangapi? Sijapata kuhesabu. Aliutia mwenyewe mtoto siku anaondoka, pale mlangoni, begi liko mgongoni. Akaniambia, "Baba, huu usiuguse, ndio mimi huyu." Sijaugusa hadi leo.

Hapo Mama Kahawa kikombe kikamponyoka, kikajiviringisha mpaka chini ya benchi. Hakuwahi kuyasikia maneno hayo. Siku hiyo ya safari yeye alikuwa jikoni anamfungia mtoto chakula cha njiani.

Akajifuta mikono, akamwendea mumewe.

— Ivue nikufutie. Imejaa jasho. Utampa mtu mali yako chafu hivyo?

Rubani akaivua, hakuuliza. Mama akaikunjia ndani ya kitambaa chake cha kupangusia vikombe, akarudi kwenye kigoda. Nia yake moja tu: kabla mnunuzi hajafika, mshale uwe kwenye saba. Mzee apige, mtoto aitike, kopo lirudi nyumbani. Lakini kifundo kile ni kidogo kama punje ya mtama, na vidole vyake vina mafuta ya kahawa. Anakivuta kinateleza. Anakivuta kinateleza.

— Mimi najua, akasema Redio. Dunia imepunguza mwendo. Hamwoni? Zamani nilikuwa namnyoa mtu, wiki mbili karudi. Sasa mwezi. Nywele zimechelewa, itakuwa mshale?

— Wateja wamehamia kwa kinyozi wa pili, akasema Hakimu. Acha kuisingizia dunia. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Mama Kahawa akaacha kupumua.

— Maana yake nini? akauliza Rubani.

— Kunguni. Yuko kwenye shati lako, mkono wa kushoto. Usiku anaingia ndani ya saa, ananenepa, mchana anauegemea mshale. Kagua mashati, mzee.

Mama akapumua. Hivyo ndivyo alivyo Hakimu: anaupiga ukweli kwa jiwe, halafu anakwenda kulitafuta jiwe.

— Kunguni gani anayejua kurudisha mshale nyuma? Redio akabisha. Sikilizeni. Saa hizi zilikuwa za watu, sawa? Marubani. Wengine wametangulia mbele ya haki. Sasa mwenye saa hajui kama amekufa. Bado anarusha! Huko juu anavuka nchi hii na hii, na kila akivuka anabadilisha majira. Wewe huku unaona mshale unakwenda, kumbe ni mwenyewe.

— Basi na atue, akasema Rubani polepole. Atue mimi niongee na mtoto wangu.

Redio akautazama wembe wake kama vile umemwomba samahani.

— Shemeji, kikombe, akasema Hakimu.

Mama akamimina kwa mkono wa kulia, wa kushoto umo ndani ya kitambaa. Kahawa ikafurika ikamwagika kwenye kiatu cha mteja wa Hakimu.

— Shemeji! Leo umevunjika mkono?

— Kiatu cheusi, kahawa nyeusi. Unalia nini?

— Nimepata! akasema Hakimu, kiatu kishasahauliwa. Mtoto ana mchumba.

— Mchumba? Rubani akageuka mzima mzima.

— Mchumba mwenye saa kama hii. Saa mbili za ukoo mmoja, moja huku, moja kule. Yule akiitia majira yake, hii nayo inafuata, kama kondoo na mwenzake. Na kwa nini anarudisha nyuma? Ili baba mkwe asipige wakati wao wanakunywa chai! Ndiyo wahenga wakasema, wapiganapo tembo nyasi huumia.

— Hana mchumba! akasema Mama Kahawa.

Lilitoka kwa kasi mno, na kwa uhakika mno. Redio akamgeukia taratibu.

— Unajuaje, shemeji? Si mtoto haongei na nyie wiki tatu?

— Mama hajui? Mimi nimemzaa au nimemwokota? Kunywa kahawa yako, inapoa.

— Mimi sijapewa.

— Basi usinywe!

Kijiwe hakijamaliza kulitafuna hilo, mnunuzi akafika. Walidhani angekuwa mzee mwenye mvi na mkufu, kumbe binti wa watu, viatu vya chini, begi la ngozi begani.

— Shikamooni wazee wangu. Shikamoo mama.

— Marahaba, mwanangu, wakaitikia wote, kila mmoja kwa sauti yake, na ya Mama Kahawa ndiyo ilikuwa ndogo kuliko zote.

Binti akakaa, akafungua kopo, akapachika kioo kidogo jichoni. Akaiinua ya kwanza, ile ya ukingo nusu mwekundu kwa ajili ya mchana na nusu buluu kwa ajili ya usiku. Akaiweka sikioni. Akaiinua ya pili, ya tatu. Anazishika kama mayai. Rubani anamtazama kama mtu anayetazama wanawe wakipimwa uzito.

— Zinapumua zote, akasema. Mzee, mbona kwenye simu uliniambia zimekufa?

Wakamweleza wote kwa pamoja: dunia, kunguni, marehemu, mchumba. Binti wa watu akasikiliza, akakitoa kioo jichoni.

— Samahanini, wazee. Sasa hivi huko kwa binti yenu ni saa ngapi?

Redio akatazama juu, kana kwamba pameandikwa. Hakimu akaanza kuhesabu kwa vidole, akafika cha gumba akarudi. Rubani akaangalia kifundo cha mkono wake mtupu.

Mama Kahawa, ulimi nje kidogo, akili yote imo ndani ya kitambaa ambamo kile kifundo ndiyo kwanza kimekubali kuvutika, akajibu bila hata kuinua uso:

— Saa moja na dakika thelathini na tano. Ameshavua viatu, anachemsha maji ya kuoga.

Halafu akajisikia.

Akainua kichwa. Benchi zima limemtazama. Kwa kuhamaki alitaka kusimama, na kitambaa kikaanguka miguuni, na mkono wake wa kushoto ukabaki hewani mbele za watu: saa ya mumewe kiganjani, kifundo kimevutwa nje, kati ya kidole na gumba, na mshale wa nne umefika kwenye sita, haupo tano ulikokutwa wala saba unakotakiwa.

— Shemeji! akasema Redio. Na baada ya hapo, kwa mara ya kwanza tangu apewe jina, akazimika.

Hakimu akakiweka chini kiatu alichokuwa nacho magotini.

— Ulikuwa unaupeleka wapi? akauliza Rubani.

— Naurudisha.

— Ulikuwa umeutoa?

Mama Kahawa akatafuta pa kuuficha uso, mikono yote miwili ina kazi.

— Unaongea naye wewe tu, baba nanii. Goti, jirani, mbuzi. Unamaliza mtoto wote, mimi unaniachia miayo. Miaka miwili nimezaa mtu wa kunipigia miayo! Nikasema nami niibe kidogo. Sikujua kama ungeuza. Wala yale ya mlangoni sikuyajua. Wallahi sikuyajua.

Rubani akauliza:

— Ananiulizia?

— Kila siku. Jana aliniuliza kama umemchoka.

Mzee akafumba macho. Yule binti mnunuzi akaanza kuzirudisha saa koponi, moja moja, bila kuambiwa na mtu.

Mama akamnyooshea mumewe ile saa. Rubani hakuipokea.

— Malizia, akasema.

— Nini?

— Umeuanza wewe. Malizia, dakika zinakwenda.

Basi akaumalizia, mbele ya benchi zima, mbele ya mteja wa kichwa nusu aliyekuwa ametoka na shuka shingoni, mbele ya mgeni, mshale ukapanda kidogo kidogo mpaka ukaipita saba ukatulia. Rubani alikuwa ameshatoa simu. Akabonyeza. Hakuiweka sikioni mwake. Akaiweka sikioni mwa mkewe, akaishikilia hapo mwenyewe, kama mtu anayemshikia mwenzake kikombe.

Ikaita mara moja tu.

— Baba? Baba, ni wewe?

Mama Kahawa, aliyeiba maneno siku ishirini na moja, akaushika mkono ulioishikilia simu. Akamtazama mumewe. Akawatazama wengine, macho yote yako kwake.

— Tuko wote, mwanangu, akasema. Wote kabisa.