Asidi ya Katikati

Kwenye basi la kwenda Naoussa, binti anayesoma kemia alikuwa akikariri, "Meso, meso." Bibi Evanthia, aliyekaa naye kiti kimoja, akamgeukia.

"Mjukuu wangu, mbona unarudia 'meso', neno letu la 'katikati', kama kasuku?"

"Ni aina ya asidi ya zabibu, bibi. Nusu yake moja inavuta mwanga kulia, nyingine kushoto. Basi mwanga unapita sawasawa, utadhani asidi yenyewe haipo."

"Ndiye Stamatia wangu huyo," bibi akasema. "Mtoto wa kati. Mimi namvuta huku, baba yake kule, naye kimya. Tukamzoea kama hayupo, mpaka akahamia Australia."

Mimi nyuma yao nilijifanya nimelala, kazi ninayoiweza.

"Si umpigie arudi, bibi?"

"Kila siku natamani. Lakini baba yake tulimzika majira ya baridi. Akirudi sasa, atakaa katikati ya nani?"

"Kwani lazima katikati, bibi? Akae na wewe tu."

Bibi akatoa simu mkobani basi liliposimama kituoni kwake. Akashuka nayo mkononi, hajaibonyeza.